Mavazi na Vifaa vya Yoga

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi. Hata hivyo, hapa Pemba wapo kina mama wanaoikwepa yoga, mazoezi ya kujinyoosha na kupumua yenye asili ya India, kwa kudhani kwamba lazima wavae nguo za kubana. Sivyo. Suruali pana ya pamba, kanzu fupi na ushungi wa kushona, usiohitaji pini, vinatosha na stara inabaki. Baibui refu liwekwe kando, kwani pindo lake hunasa mguu. Mkeka wa ukindu, pamoja na uzuri wake, huteleza juu ya saruji. Tandikeni kwenye nyasi. Goti likiuma, kunjeni khanga muiweke chini yake.