Maji ya Mto Yakiwa na Tope

Leo tuzungumze juu ya maji ya mto Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto huu hubeba udongo wa mashamba hadi baharini karibu na Malindi. Mchanga ni mzito, hutua upesi. Lakini udongo wa mfinyanzi ni laini mno, chembe yake haifiki hata milimita 0.002, nao huelea kwa muda mrefu. Viini vya kuhara hujishikiza kwenye chembe hizo. Tena, tope hupunguza nguvu ya klorini.

Basi fanya hivi. Acha maji yatulie usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko. Asubuhi, mimina ya juu taratibu bila kutibua mashapo, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kisha yachemshe mpaka yatokote, au utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30.

Kumbuka mama, maji kung'aa si kuwa salama. Usimpe mtoto kabla hujayatibu. Akiharisha, mpe maji ya ORS na umpeleke kliniki mapema.