Chumvi ya Bahari na Madini Joto



Hapa mezani pana visahani viwili. Kimoja kina chumvi laini ya pakiti. Cha pili kina chumvi ya chenga niliyotoka nayo Pemba, kwenye shamba la chumvi kando ya mikoko. Natia kila kisahani tone moja la maji ya kupimia, yaliyochanganywa na wanga. Tazameni. Ya pakiti imegeuka zambarau iliyokoza, inakaribia wino. Ya bahari imebaki nyeupe vilevile.

Zambarau hiyo ndiyo alama ya madini joto, yaani iodini.

Mama mmoja aliniambia hivi karibuni: "Mwalimu, presha ilinipanda, basi nikaacha chumvi ya dukani. Sasa natumia ya bahari tu, ya asili." Alitamka neno "asili" kwa faraja kubwa, nami nilisikitika kumkatisha. Kwa habari ya presha, jibu ni fupi. Chumvi zote mbili ni kloridi ya sodiamu, na sodiamu ni kama asilimia 40 ya uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kiwango hicho hakibadiliki kwa sababu chumvi imetoka baharini. Magnesiamu na kalisi zilizomo ni chembechembe. Sahani ya maharage inakipita kijiko cha chumvi kwa mbali. Mwenye presha apunguze chumvi, iwe ya wapi.

Linaloninyima usingizi ni hili la kisahani cheupe. Watu wengi, hata wasomi, huamini kwamba kwa kuwa iodini imo baharini, basi imo pia katika chumvi ya bahari. Tupige hesabu pamoja. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na iodini mikrogramu 50 hadi 60. Tuseme iodini yote ibaki ndani ya chumvi, isipotee hata chembe. Gramu 5 zitakupa mikrogramu 7 hadi 9. Mtu mzima anahitaji 150 kwa siku. Mjamzito anahitaji 250.

Na haibaki yote. Nilisimama shambani kule Pemba jua likiwa utosini, nikatazama chumvi ikivunwa. Maji huingizwa wakati bahari imejaa, yakaachwa yakaukie juani mpaka chumvi iote chini kama ukoko. Wavunaji huikokota kandokando, ikakaa vichuguu vyeupe. Yale maji machache yanayosalia ni mazito na machungu, hayafai kupikia, hivyo humwagwa. Sehemu kubwa ya iodini huondoka na maji hayo, nyingine hupaa hewani.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba shida ya madini joto ni ya watu wa milimani, wa Rungwe na Mbinga, na kwamba wa visiwani wamekingwa na samaki wao. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania Bara ikaweka kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi. Watafiti walipokuja kupima watoto wa shule Zanzibar, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, walikuta tezi za shingo zimevimba, Pemba zaidi kuliko Unguja. Na Pemba ndiko nyumba karibu zote zilikuwa zikitumia chumvi isiyotiwa madini joto, ile iliyovunwa hapohapo kisiwani. Watu waliozungukwa na bahari pande zote!

Shingo iliyovimba huonekana. Kisichoonekana ni ubongo wa mtoto aliye tumboni, unaojengwa kwa homoni za tezi ya mama. Mama akikosa madini joto katika miezi hiyo, mtoto hupungukiwa uwezo wa kujifunza, na hakuna dawa ya kuja kuurudisha baadaye. Hasara hiyo siwezi kuizungumza kwa utulivu.

Nisieleweke kwamba nawapinga wakulima wa chumvi. Chumvi yao ni nzuri, imekosa kitu kimoja tu, madini joto. Ili kuyatia, iodeti ya potasiamu, yenye iodini ndani yake, huyeyushwa majini na kunyunyiziwa juu ya chumvi kwa bomba la mgongoni, la aina ile ya kupulizia dawa mashambani, kisha chumvi ikachanganywa vizuri kwa koleo. Tunatumia iodeti kwa sababu inastahimili joto na unyevu wa pwani. Ninachoomba ni iodeti hiyo iwafikie wavunaji wadogo kwa bei wanayoimudu, na apatikane mtu wa kurudi kupima kila msimu. Chuo hiki kina wanafunzi wanaoweza kazi hiyo.

Kwenye barua ya mwaliko niliwaomba kila mmoja aje na kijiko cha chumvi ya nyumbani kwake, kimefungwa kwenye karatasi. Visahani viko tayari. Karibuni mbele, tuanze na safu hii ya kushoto.