Manowari Ina Wasifu, Keya Je?

Msikilizaji wa Karatu mjini, wa Rhotia, Mbulumbulu na Mang'ola, nanyi mlioko huko juu Ngorongoro, leo nina habari ya manowari ya Kijapani. Usizime redio. Najua bahari iko mbali na sisi, na maji makubwa tuliyoyazoea ni ya Ziwa Eyasi, ambayo nayo kiangazi kikikaza hukauka. Nivumilie kidogo.

Manowari hiyo iliitwa Isokaze. Ilikuwa destroya, manowari nyepesi yenye mbio ambayo kazi yake ni kulinda meli kubwa. Iliingia kazini Novemba 1940. Desemba 1941 ilikuwa katika msafara ulioshambulia Pearl Harbor. Aprili 1942 iliingia Bahari ya Hindi, Juni ikawa Midway, baadaye Guadalcanal. Tarehe 7 Aprili 1945, siku ile ile ilipozama manowari kubwa Yamato, ndege za Marekani ziliiharibu, na Wajapani wenzake wakaimalizia wenyewe kwa mizinga. Ukitaka kujua ilitia nanga wapi na makamanda wake walikuwa nani, yote yameandikwa. Ni chuma kilicholala chini ya bahari, na bado maisha yake yanajulikana kuliko ya wazee wetu wengi.

Hiyo Aprili 1942 inatuhusu. Kundi la manowari la Admirali Nagumo wa Japani, Isokaze ikiwa miongoni mwa walinzi wake, lilipiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9. Waingereza walipoteza Hermes, meli yao ya kubebea ndege, pamoja na manowari kubwa Cornwall na Dorsetshire. Wakaona Ceylon, Sri Lanka ya leo, hakukaliki, na kundi lao likahamia Kilindini, bandari ya Mombasa. Shule ya Allidina Visram pale Mombasa ikageuzwa kituo cha wataalamu walionasa mawasiliano ya Wajapani kwa redio, na humo ndimo walimofumbua maandishi ya siri ya meli zao za mizigo. Mei Waingereza wakavamia Madagaska, Wajapani wasije wakawatangulia. Septemba wakapelekwa huko askari wa Keya, yaani King's African Rifles, wakiwemo wa batalioni ya 6, batalioni ya Tanganyika.

Hapa kwetu vita ilikuwa imebisha hodi tangu 1939, walowezi wa Kijerumani wa mashamba ya Oldeani walipokusanywa na kuwekwa kizuizini. Mjerumani tulikuwa tunamjua, tena kwa machungu yake. Mjapani je? Leo tunamwona akipita Karatu na kamera shingoni, akienda kutazama kreta. Wakati ule ugomvi wetu naye ulikuwa nini? Hakuna aliyeulizwa. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, na baadhi yao walivushwa bahari kwenda kupigana naye Burma.

Vita ya Burma tumesimuliwa: msitu, mvua, malaria, bonde la Kabaw. Ya njiani hatukusimuliwa sana.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyopewa jina la mtawala wa zamani wa Misri. Ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine mabaharia, wauguzi na wanawake wa vikosi vya Uingereza. Jumamosi tarehe 12, mchana wa jua kali, karibu na visiwa vya Maldivi, baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki na askari wengi walikuwa vyumba vya chini. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikaachia makombora ya majini. Mawili yalipata shabaha. Meli ikazama kabla ya dakika tatu kutimia. Dereva wa watalii pale lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hukaa muda mrefu zaidi kuliko huo akisubiri karatasi zake.

Watu 1,297 walikufa, wanawake 77 wakiwa miongoni mwao. Walionusurika walikuwa 214.

Kilichofuata ni kigumu kusimulia. I-27 ilijificha chini ya pale pale walipokuwa manusura, wakielea na vipande vya mbao. Destroya mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, zilikuwa zinalinda msafara. Nahodha wa Petard akaamua kumwaga mabomu yanayolipukia ndani ya maji, pale pale penye watu. Baadhi ya waliookoka makombora wakauawa na mabomu ya wale waliokuja kuwaokoa. Mimi simlaani nahodha huyo. Nyuma yake kulikuwa na meli nne zimejaa watu, na adui hajaonekana. Lakini pia siwezi kuisikia habari hii ikisomwa kama ushindi mtupu.

Nyambizi ikaibuka. Mizinga ikashindwa kuitoboa. Paladin ilijaribu kuigonga, ikachanika ubavu yenyewe. Mwishoni Petard ilifyatua makombora ya majini moja baada ya jingine, na la saba ndilo lililoimaliza.

Sasa tazama Petard inavyokumbukwa. Oktoba 1942, baharini karibu na Misri, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa inazama, wakatoa vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua maandishi ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri. Wawili wao, Fasson na Grazier, walizama nayo, na majina yao yanatajwa hadi leo. Desemba ikazamisha nyambizi ya Kiitalia. Ilipoimaliza I-27, ikawa imezamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu. Ilivunjwa chuma chakavu mwaka 1967. Ni wasifu mzuri, na wameustahili.

Ila wale wapiga mizinga wetu wamo ndani ya wasifu huo kama idadi tu. Majina ya waliopotea na Khedive Ismail yanatunzwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Hao walau wana ukuta. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi hadharani kwa kutowakumbuka kwa majina watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza katika vita ya kwanza, na kati yao wamo wapagazi wa Afrika Mashariki. Karani alikuwepo, na kalamu ilikuwepo.

Basi wewe ambaye babu yako alikuwa Keya, kabla ya kuliuza lile sanduku la bati, lifungue. Ukikuta nishani, chini yake huenda kuna karatasi ya kuachishwa jeshi. Namba ya askari, jina la kikosi na tarehe, vinakili kwenye daftari pamoja na jina la kijiji chake. Na kama wenu hakurudi, kumbukumbu za Tume hiyo zimo kwenye intaneti, na jina la aliyefia vitani hutafutwa bila malipo. Wala usishangae ukilikuta limeandikwa vibaya, maana makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia. Jaribu kila namna ya kuliandika.