Juu ya Kumaliza Tulichoanza Kuandika



Tumeombwa kusema machache juu ya uandishi, nasi tumekubali kwa haya, maana sisi wenyewe tumo katika kundi la wenye kuanza na kuacha. Makarani twaandika mchana kutwa. Barua ya mkubwa hatuthubutu kuilaza. Kabla ya kufunga ofisi yapasa iwe imepigwa chapa, imetiwa sahihi, na nakala yake imo jaladani. Walakini hadithi tuliyoianza nyumbani kwa hiari yetu yaweza kulala sandukuni miaka saba, wala hapana aulizaye iko wapi.

Twasema hatuna nafasi. Nafasi ni haba kweli, lakini marehemu Shaaban Robert alikuwa karani kama sisi. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, na kazi ya serikali ilimlisha miaka mingi; hata hivyo aliandika mashairi, insha na hadithi, akaacha vitabu vya kujaza rafu alipofariki mwaka 1962. Kitushindacho sisi ni hofu. Twahofia kuchekwa.

Na hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa sisi ndio tuchekao. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, aliyetunza daftari la hadithi ya nahodha na mwanawe. Siku moja, saa ya chakula, alitusomea ukurasa wa kwanza. Mmoja wetu akamwita “Bwana Mtungaji,” na sote tukacheka mpaka kengele ikalia. Hatukuwa na chuki naye. Tulicheka kwa mazoea tu. Hakusoma tena. Alipofariki tuliitwa nyumbani kwake kupanga karatasi zake, tukalikuta daftari lile. Kumbe aliendelea nalo mpaka ukurasa wa 83. Nahodha amesimama gizani, ameinua taa, anaita jina la mwanawe. Na hapo wino umekoma. Tulikaa mkekani tukasoma mpaka magharibi, wala hapana aliyecheka.

Linganisheni na Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kukichapa, kwani wasomaji wa lugha ile walikuwa wachache. Akakaa akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, naye ni mzee. Kitabu chake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilitoka Dar es Salaam mwaka 1980. Naye akafariki mwaka 1981. Wako waonao kuwa habari hii yavunja moyo, miaka 35 yote hiyo! Sisi twaona kwamba kitabu kiliweza kungoja kwa sababu kilikuwa kimekwisha. Kingalikuwa nusu, asingalikuwa na cha kufasiri.

Basi kwa habari ya kazi yenyewe hatuna mengi. Aliyeanza na aende mbele mpaka mwisho, hata kama mwisho ni mbaya, ndipo arudi kusahihisha. Sisi makarani tuna ugonjwa wa kusahihisha mstari wa kwanza mara ishirini. Kisha amsomee mtu mmoja, si ofisi nzima. Mke, ndugu, au jirani ajuaye kusikiliza atatosha. Na kabla ya kuipeleka popote aandike nakala ya pili, maana mchwa hawajui kusoma lakini wapenda karatasi. Mhariri akiirudisha, imerudi. Barua zetu za kuomba likizo nazo hurudishwa, nasi huziandika upya.

Mjane wa mwenzetu ametupa ruhusa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, daftari lile litasomwa humu ukumbini, toka ukurasa wa kwanza, ule ule, mpaka hapo taa ilipoinuliwa. Mjane atakuwapo pamoja na watoto. Twaomba waliokuwa nasi siku ile ya chakula waje mapema, wakae mbele.