Sungura wa Nyumbani na Mtoto Anayetambaa

Leo tutazungumza kuhusu sungura.

Huenda ukajiuliza sungura anahusiana vipi na afya ya mtoto. Hapa kwetu Kaaga, sungura mara nyingi ni mali ya mtoto wa shule. Yeye ndiye humkatia majani, na yeye ndiye humpa jina. Baridi ya Juni na Julai inapoingia, au mtoto anapohofia mbwa na wezi, sungura huletwa jikoni, au hata chini ya kitanda. Wakati huo huo, kuna mtoto mchanga anayetambaa kwenye sakafu hiyo hiyo. Kinyesi cha sungura ni vidonge vya mviringo, vinafanana na punje za njahi. Mtoto wa miezi minane akikiona, atakiokota na kukitia mdomoni.

Kinyesi hicho chaweza kubeba viini vya kuharisha. Mkojo nao, ukikaa, hutoa harufu kali inayowasha macho na kifua. Baba akichoka na harufu, husema sungura achinjwe, na mtoto wa shule hulia. Mama, kabla hamjafika huko, jueni kwamba sungura anaweza kufundishwa kujisaidia mahali pamoja.

Kwa maumbile yake, sungura hupenda kukojoa katika kona moja. Kazi yako ni kumsaidia tu. Fanya hivi:

Kwanza, mweke mahali padogo, kwa mfano kona ya jikoni iliyozibwa kwa mbao, mbali na moto na chakula. Mchunguze kwa siku mbili au tatu uone anakojoa wapi.

Pili, weka hapo karai pana lisilo na kina kirefu, au mtungi wa plastiki uliokatwa kwa ubavu, kingo zikiwa zimelainishwa. Tandika magazeti, kisha nyasi kavu juu yake. Usitumie unga wa mbao wenye vumbi, kwa maana huingia kifuani mwa sungura na mwa mtoto.

Tatu, chukua nyasi zilizolowa mkojo na vidonge vichache, uvitie ndani ya karai. Harufu itamwonyesha kwamba choo ni hapo.

Nne, weka majani yake makavu upande mmoja wa karai. Sungura hujisaidia huku akila, kwa hivyo atakaa hapo muda mrefu.

Tano, akikosea, usimpige. Akipigwa huogopa watu, wala hajui kosa lake. Okota kinyesi, kirudishe kwenye karai, na pafute alipokojoa kwa maji na siki ili harufu iishe. Akizoea, mwongezee nafasi kidogo kidogo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini sungura mkubwa kwa kawaida hujifunza upesi kuliko mdogo. Dume linalopevuka nalo hupenda kunyunyiza mkojo huku na huku ili kuonyesha mipaka yake. Kwa hivyo uwe na subira ya wiki kadhaa. Hata aliyefundika atadondosha vidonge viwili vitatu nje ya karai, basi fagia kila siku kabla mtoto hajashushwa sakafuni.

Usishtuke ukiona mkojo wa rangi ya chungwa au mweupe kama maziwa, kwani mara nyingi hutokana na chakula chake. Pia usishangae akila kinyesi chake laini, maana ndivyo alivyoumbwa kupata lishe.

Mwaga takataka za karai kila siku, ulioshe kwa sabuni na kulianika juani. Takataka hizo ni mbolea nzuri. Zitie kwenye shimo la mboji mpaka zioze, wala usizimwage zikiwa mbichi juu ya sukuma wiki au dania. Mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua asiwe yeye wa kusafisha. Na kila aliyemshika sungura anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hata kopo lililotobolewa na kuning'inizwa mlangoni latosha.

Ukiona sungura amenyonyoka manyoya au ana ukoko masikioni, au mtoto ana mabaka ya mviringo yanayowasha, watenganishe na umpeleke mtoto zahanati. Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS kama pakiti inavyoelekeza, na uulize muuguzi kuhusu tembe za zinki. Akiharisha damu, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, au macho yakiingia ndani, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja.

Mama, mwachie mtoto wa shule kazi ya karai hilo. Mwambie, "Sungura ni wako, na choo chake ni chako." Atajifunza usafi, na mdogo wake atatambaa kwa usalama. Mahali pazuri pa sungura ni kizimba kilichoinuliwa, kikavu na kisichopitisha upepo mkali. Lakini akiwa ndani, awe na kona yake.

Kwa leo naishia hapo. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini, tuonane katika mazungumzo yajayo.