Ruzuku si Zawadi ya Mkubwa: Maneno kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Karatina



Tumealikwa tuseme juu ya fedha ambazo serikali huzitoa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, wakati ambapo gharama zimepanda na kila shughuli inadai simu. Twawashukuru kwa nafasi hii. Hatutawasomea orodha ya mifuko yote iliyopata kuanzishwa, kwa maana ni mingi, na kila serikali ikiingia huanzisha wake na kuupa jina lake. Neno letu ni moja: fedha hizi hugawiwaje, na ni nani aruhusiwaye kujua?

Kwanza tutenganishe mkopo na ruzuku, kwa sababu majukwaani maneno haya huchanganywa, na pengine kwa makusudi. Mfuko wa Vijana wa 2006, Mfuko wa Wanawake wa 2007 na Mfuko wa Uwezo wa 2013 vilianzishwa ili kukopesha. Hustler Fund nayo, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni mkopo: ilianza kwa kiasi cha shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na siku 14 za kulipa. Mtu akikopeshwa hajapewa. Ruzuku ndiyo isiyorudishwa, na neno lenyewe ni ndugu wa riziki.

Ruzuku iliyo karibu nasi siku hizi ni ya mradi wa NYOTA, ambayo ilianza kutolewa Novemba 2025: shilingi 50,000 kwa kijana, kwa awamu mbili, kwa vijana wapatao 70 katika kila wadi. Hatuidharau. Fedha hizo zikifika mikononi mwa kijana anayebeba mizigo ya wengine hapa sokoni, zaweza kumfanya awe na mzigo wake mwenyewe. Lakini tufanye hesabu. Eneo letu la Mathira lina wadi 6: Ruguru, Magutu, Iriaini, Konyu, Kirimukuyu na Karatina Mjini. Sabini mara sita ni 420. Simameni penye lango la soko siku ya soko, nanyi mtawahesabu watu 420 kabla ya chai ya saa nne. Tena mradi huu ni wa wenye umri wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu. Mama aliyeuza karoti hapa kwa miaka ishirini hakuandikiwa kitu. Na tukumbuke kwamba mradi wenyewe unagharamiwa kwa fedha zilizokopwa Benki ya Dunia. Kwa kijana ni ruzuku. Kwa taifa ni deni, na mama yule yule asiyepokea ni mmoja wa watakaolilipa.

Naye analipa mengi tayari. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya thamani juu ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita moja ya petroli ikapita shilingi 211 jijini Nairobi. Mwenye gari la kuleta viazi kutoka Kieni hakuibeba nyongeza hiyo yeye. Aliiweka juu ya gunia. Sheria hiyo hiyo iliongeza ushuru juu ya ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, ikaagiza kila mfanyabiashara atoe ankara kwa njia ya mtambo uitwao eTIMS, na kuinua kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya imemtaka asiye na mwajiri alipe si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Ushuru wa soko wa kaunti ungali pale pale.

Juu ya ankara za eTIMS twataka tukawie kidogo. Walioandika sheria ile walikuwa wakimfikiria mtu mwenye dawati. Muuza kabichi ana mikono yenye tope na wateja watano mbele yake. Matokeo yake ni kwamba hoteli, shule na wenye maduka makubwa, ambao bila ankara hawangeweza kuyahesabu manunuzi yao kama gharama tangu Januari 2024, walikuwa na sababu ya kumpita yeye na kwenda kwa mkubwa mwenye karani. Kilio kilisikika baadaye: tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imemtaka mnunuzi ndiye aandike ankara, ikiwa muuzaji ni mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Je, ni wangapi kati yenu mliolijua jambo hili kabla ya leo? Amri ya kutoza ilitangazwa kwa vishindo. Nafuu ilipokuja, ilikuja kwa kunong'ona.

Basi turudi kwenye ruzuku. Awamu za kwanza za fedha za NYOTA zilikabidhiwa katika mikutano mikubwa ambayo Rais mwenyewe aliihudhuria. Fedha za umma, ambazo zingeweza kuingia katika simu ya mtu akiwa shambani kwake, zilipewa jukwaa na makofi. Wenye mvi hapa wanayajua mambo haya. Wanakumbuka siku ambapo vijana wa chama tawala walisimama penye milango ya masoko wakidai kadi ya chama kabla mama hajaingia na kikapu chake. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, jukwaa nalo lingepoteza nguvu ya kugawa riziki. La hasha. Vyama vimekuwa vingi, na jukwaa limebaki lile lile.

Na msidhani kwamba twapigania adabu tu. Kenya imekwisha kuona ruzuku inayotolewa gizani hufika wapi. Kulikuwa na sheria ya kuwafidia wanaouza bidhaa nje ya nchi, asilimia 20 ya thamani ya mauzo yao. Nia yake ilikuwa njema: kuwatia moyo wenye viwanda. Kuanzia 1990 kampuni moja, Goldenberg International, ilipewa peke yake haki ya kuuza dhahabu na almasi nje, ikaongezewa asilimia 15 juu ya zile 20. Almasi, katika nchi isiyochimba almasi! Mabilioni yalilipwa kwa bidhaa ambazo hazikuwako, na Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003, ilikaa miaka mitatu ikiyafukua. Wakati huo huo bei zilikuwa zikipaa. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Nani aliyelipa? Alilipa yule aliyenunua unga na mafuta ya taa hapa Karatina, ambaye hajapata kuiona dhahabu ila katika pete ya arusi, tena ya mtu mwingine.

Lakini katika miaka ile ile ya 1990 palikuwako na njia nyingine, isiyosimuliwa sana kwa kuwa haikuwa na kashfa. Kati ya 1994 na 2002 mradi mmoja wa serikali na Benki ya Dunia uliwapa mafundi na wafanyabiashara wa jua kali hati za kulipia mafunzo. Mtu alilipa sehemu ndogo ya ada, hati ikalipa iliyobaki, naye akajichagulia mwalimu. Wakubwa walitarajia kwamba watu wangekimbilia vyuo. Wengi walikwenda kwa mafundi stadi wenzao, waliokuwa wakifanya kazi ile ile wanayoifanya wao. Mradi ule ulikuwa na ucheleweshaji wake na gharama kubwa za ofisi, hatuukwezi kupita kiasi. Ila ulimkubali mdogo kuwa ndiye ajuaye anachohitaji. Leo hati ya namna hiyo ingemlipia mama wa karoti binti wa jirani anayejua simu, amfundishe kuandika hesabu na ankara zake, kuliko kumpeleka katika semina ya siku mbili hotelini.

Tunalolidai, kwa hiyo, ni kwamba orodha ya waliopewa ruzuku katika kila wadi, pamoja na vigezo vilivyotumika kuwachagua, ibandikwe penye ofisi ya chifu na langoni mwa soko. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chasema fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa. Tunadai pia kwamba makadirio ya kaunti, ambayo kisheria hufikishwa bungeni mwa kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, yajadiliwe hapa sokoni na si katika ukumbi wa mjini saa za biashara. Kaunti isiyoweza kutoa ruzuku yaweza angalau kupunguza ushuru wa soko, na hilo lingewafikia wote, si 420.

Njia ya kuanza iko wazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuiomba ofisi ya umma habari iliyonayo. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na hakuna ada ya kuliwasilisha, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa apokeaye ombi. Hamlazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Andikeni jina la mradi, wadi, na awamu ya malipo. Ulizeni ni wangapi walioomba, wangapi waliopewa, na kwa vigezo gani. Wekeni nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman.

Tumekuja na karatasi na kalamu. Wadi ya Karatina Mjini waanze upande huu wa mlango. Iriaini na Konyu wafuate.