Sindano ya Melesi, Salama ya Ng'ombe



Wengi wetu humu ukumbini tuna kovu dogo la BCG mkononi. Chanjo hiyo asili yake ni ng'ombe. Kuanzia 1908 hadi 1921 watafiti Calmette na Guérin, huko Lille nchini Ufaransa, waliwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo, kizazi baada ya kizazi, mara 230, mpaka ukali wao ukaisha. Leo Uingereza inamdunga chanjo hiyohiyo mnyama wa porini ili ng'ombe asalimike.

Mnyama huyo ni melesi, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, ila yeye huishi kwa familia katika mashimo. Mwaka 1971 aliokotwa melesi mfu mwenye kifua kikuu huko Gloucestershire, na tangu hapo, kwa kuwa anashukiwa kumwambukiza ng'ombe, wafugaji na watetezi wa wanyama hawapikiki chungu kimoja. Jaribio kubwa la kuwaua melesi, lililoanza 1998, lilizaa matokeo ya kukanganya: ndani ya maeneo walimouawa, ugonjwa wa ng'ombe ulipungua, pembezoni ukapanda. Familia ya melesi ina mipaka yake. Ukiipunguza, waliosalia hutangatanga, huingia kwa majirani, na maradhi huenda nao. Sindano haimhamishi mtu kwake. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kuipa nafasi ya kwanza, ingawa kiasi gani inamnufaisha ng'ombe mwenyewe bado kunabishaniwa.

Kazi yenyewe ni ya matope. Mchanjaji huweka kizimba karibu na shimo na kumwaga karanga ndani kwa siku kadhaa, mlango ukiwa wazi, mpaka mnyama azoee. Ndipo anautega. Asubuhi na mapema humkuta ndani, humdunga kwenye msuli akiwa humohumo kizimbani, humpaka rangi manyoya asije akadungwa tena kesho, kisha humfungulia. Mwakani hurudi, kwani watoto wapya wamezaliwa. Ni ghali, na aliyekwisha kuambukizwa haponi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Gloucestershire ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya familia ikichanjwa, hatari ya maambukizi kwa watoto wasiochanjwa hushuka kwa asilimia 79.

Mfugaji atauliza, na ana haki: mbona asichanjwe ng'ombe moja kwa moja? Kwa sababu ng'ombe aliyepata BCG huvimba ngozi kwenye tuberkulini, kipimo cha kifua kikuu, kama mgonjwa, na anayeonekana mgonjwa huchinjwa. Mwaka 2021 Uingereza na Wales zilianza kujaribu mashambani kipimo kipya cha kuwatenganisha wawili hao. Kikifaulu, sindano itahamia zizini, na melesi atabaki kazi ya ziada.